Pini tatu: namna historia ilinisaidia kuchagua trekta ya theluji



Mwaka jana, mwezi wa kumi, dada yangu mdogo aliniita kutoka Lubumbashi. Alikuwa anangoja nusu ya minervali yake. Nikamwambia ukweli: ile feza niko nafikiria kununua nayo trekta. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

— Yaya, sasa uko na mashamba kule?

— Hapana. Niko na theluji.

— Sasa theluji njo inalimwaka na trekta?

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Swali lake lilikuwa la maana kuliko alivyofikiri. Leo nataka kuwaelezea namna nilivyolijibu, juu wengi kati yenu mutakuja kununua mashini siku moja, kama si ya theluji ni ya shamba, na kosa nililotaka kufanya mimi munaweza kulifanya hata Kasenga ao Kolwezi.

Ninaishi Estrie, kusini-mashariki ya Québec. Mimi na shemeki yangu tulinunua pamoja nyumba ya zamani yenye hekta mbili. Kutoka barabara kubwa mpaka mlangoni ni mita 180, na njia inapanda. Huku theluji inayoanguka kwa mwaka mmoja, ukiijumlisha, inafika kati ya mita 2 na 3. Mke wangu anatunza wazee, anapaswa kutoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi. Baridi ya kwanza tulimlipa mtu mwenye mashini aje kutufungulia njia. Alikuwa anafika saa tatu. Mke wangu alichelewa mara moja, mara mbili, na mara ya tatu akapewa barua ya onyo. Hapo tukasema: bon, tutafute mashini yetu wenyewe.

Tukaona mbili. Ya kwanza ilitengenezwa miaka ya 1940, kubwa, nguvu za farasi 45, na bamba la kusukuma theluji mbele. Bei dola 6,000. Ya pili ilikuwa ndogo ya dizeli, nguvu za farasi 25, magurudumu yote manne yanavuta, na kijiko cha kubebea mbele. Bei dola 11,000. Shemeki akasema:

— Shemeki, hesabu iko wazi. Ile kubwa iko na nguvu karibu mara mbili, na bei ni karibu nusu. Unangoja nini?

Mimi pia niliona hivyo. Dola 5,000 zinazobaki, hizo njo masomo ya dada yangu. Lakini mtu aliyesoma historia ana ugonjwa wake: kabla ya kulipa, anauliza kitu kimetoka wapi. Nikaomba juma moja, nikaanza kusoma.

Mwaka 1917 Henry Ford alianza kutoa trekta ya bei ndogo iliyoitwa Fordson. Mwaka 1922 bei yake ilishuka mpaka dola 395, na wakulima wengi wa Marekani waliacha farasi kwa ajili yake. Lakini ilikuwa na tabia mbaya. Plau ilifungwa nyuma kwa mnyororo ao chuma, kama vile gari linavyovuta jingine. Plau ikikwama kwenye jiwe ao mzizi, magurudumu ya nyuma hayawezi tena kwenda mbele, lakini injini haijui. Basi nguvu yote inainua pua ya trekta juu, na mashini inapinduka kinyumenyume juu ya dereva. Watu walikufa hivyo.

Dawa ya kawaida ilikuwa kuongeza uzito. Trekta nzito haiinuki upesi. Lakini uzito unataka injini kubwa, injini kubwa inataka feza nyingi, na udongo unakandamizwa. Mtu aliyekataa njia hiyo alikuwa fundi wa Ireland ya Kaskazini, Harry Ferguson, mtoto wa mkulima, aliyezaliwa 1884. Wakati wa vita ya kwanza serikali ilimpa kazi ya kusimamia matrekta ya Ireland, na yeye akaona kwamba ubaya hauko katika injini. Uko pale trekta na plau zinapokutana.

Akajenga kiungo cha mikono mitatu: miwili chini inayovuta, mmoja juu katikati. Plau ikivutwa na udongo, ule mkono wa juu unasukuma kwenda mbele na kukandamiza pua ya trekta chini. Nguvu ileile iliyokuwa inaua dereva sasa inashikilia mashini ardhini. Na nguvu ya mafuta, haidroliki, inapandisha na kushusha plau yenyewe. Trekta nyepesi ikaanza kufanya kazi ya trekta nzito.

Mwezi wa kumi 1938 Ferguson alipeleka trekta yake Dearborn, Marekani, akamwonyesha Henry Ford. Walipatana kwa kupeana mkono tu, bila karatasi. Mwaka 1939 ikatoka Ford 9N yenye kiungo cha Ferguson, bei dola 585. Muziki ulikuwa mtamu mpaka mjukuu, Henry Ford II, aliposhika kampuni. Mapatano ya mkono yakavunjika, Ford ikaendelea kutengeneza trekta yenye kiungo kilekile, na Ferguson akaenda tribinali kudai zaidi ya dola milioni 250. Mwaka 1952 waliachana kwa dola milioni 9.25. (Wanasheria wa chama, hapo muna mada ya mémoire: thamani ya neno la mdomo.)

Ferguson hakungoja hukumu. Tangu 1946 trekta yake mwenyewe, TE20, ilikuwa inatoka Coventry, Uingereza, na mpaka 1956 zilitengenezwa zaidi ya 500,000. Sasa, jibu la dada yangu: tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia na trekta tatu za Ferguson zilizovalishwa minyororo. Vilikuwa vyombo vya kwanza vya injini kufika pale kwa njia ya nchi kavu. Trekta ndogo ya mkulima, juu ya theluji ambayo hailimwi na mtu yeyote.

Pamoja na kiungo kuna kitu cha pili. Mwaka 1918 kampuni ya International Harvester iliuza trekta yenye shafti inayotoka nyuma na kuzungusha mashini nyingine. Baadaye mwendo wake ukawekwa kuwa mizunguko 540 kwa dakika, na mpaka leo trekta ndogo nyingi zinautumia. Huku Québec, Arthur Sicard, mtoto wa mashamba ya karibu na Montréal, alikuwa amekamilisha mwaka 1925 mashini inayokula theluji na kuirusha mbali, na 1927 akauza ya kwanza kwa mji wa Outremont. Huku wanaiita souffleuse. Ya Sicard ilibebwa na lori. Lakini mtu wa kawaida mwenye trekta yenye pini tatu na shafti anaweza kufunga ndogo nyuma yake mwenyewe.

Hapo nikarudi kuangalia zile mashini mbili kwa macho mengine. Ile kubwa haikuwa na kiungo cha pini tatu. Nyuma ilikuwa na chuma cha kuvutia tu. Maana yake ningebaki na bamba la mbele maisha yote. Na bamba halitoi theluji, linaisogeza. Mwezi wa kumi na mbili unaisukuma pembeni, mwezi wa kwanza pia, na mwezi wa pili kuta za theluji zimegandana kama saruji na njia imebaki nyembamba. Nguvu za farasi 45 hazisaidii kitu kama hakuna mahali pa kusukumia.

Jambo jingine lilinitisha zaidi. Ile ya zamani haikuwa na upinde wa chuma nyuma ya kiti. Sweden ilitoa sheria mwaka 1959 kwamba kila trekta mpya iwe na kinga ya dereva, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Marekani viwanda vilikubaliana tu mwaka 1985 kuweka upinde na mkanda kwenye trekta mpya zenye zaidi ya nguvu za farasi 20. Kwa hiyo trekta za zamani zinazouzwa bei ndogo, nyingi hazina kinga hiyo. Na njia yangu inapanda, na inaganda. Ile dola 5,000 niliyoiita faida ilikuwa bei ya upinde.

Ile ndogo ilikuwa ya Kijapani, na hilo pia lina historia. Wakati viwanda vya Marekani vilikuwa vinakimbilia mashini kubwa zaidi, Wajapani walikuwa wanatengeneza trekta ndogo kwa mashamba yao madogo ya mpunga. Mwaka 1969 Kubota iliingiza Marekani trekta yake L200, nguvu za farasi 21. Kumbe watu wenye hekta mbili tatu walikuwa wanangoja.

Tulinunua ile ndogo. Juu yake nikaongeza souffleuse iliyotumika, upana mita 1.5, juu inapaswa kupita upana wa magurudumu, la sivyo unakanyaga theluji ambayo hujaitoa. Nilichagua ile ya kugeuzwa: inafungwa nyuma, lakini mdomo wake unaangalia mbele, kwa hiyo unaendesha kwenda mbele bila kuvunja shingo. Niliuliza pia nguvu inayofika kwenye shafti, si ile ya injini peke yake. Katika 25 yangu zinafika kama 20. Wakati wa joto, pini zilezile tatu zinabeba mashini ya kukata majani na bamba la kusawazisha changarawe, na ninavinunua kwa yeyote, bila kujali kiwanda.

Nisijisifu. Siku ya kwanza niliondoa souffleuse, nikajaza kijiko cha mbele theluji iliyolowa maji, nikakiinua juu, nikashuka mteremko. Gurudumu moja la nyuma likaacha ardhi. Nilishusha kijiko haraka, nikakaa pale dakika nzima mikono inatetemeka. Nilikuwa nimesoma juma zima juu ya uzito na watu waliopinduka, na bado nilisahau kwamba ukibeba mbele lazima uweke uzito nyuma. Tangu siku hiyo sibebi kitu mbele kama nyuma ni tupu, na mkanda ninaufunga hata kwa mita kumi.

Na dada yangu? Nilimwambia minervali itakuja mara mbili badala ya mara moja, na kwamba nusu ya mwisho itachelewa mpaka mwezi wa tatu. Alikasirika, na alikuwa na haki. Shemeki alitoa sehemu yake mapema, mimi nikachukua kazi ya Jumamosi, kufungulia majirani wawili njia zao. Nusu ya mwisho ilifika mwezi wa pili, na kwa kweli theluji njo ilimlipia.

Kwa ninyi mulio nyumbani, siku chama, parokia ao familia itataka kununua trekta, mutaulizwa kwanza: iko na nguvu ngapi? Ninyi muanze na maswali mengine. Kazi gani, mara ngapi kwa mwaka? Nyuma kuna pini tatu na shafti inayozunguka? Vifaa vya kufunga viko pamoja katika bei? Dereva akipinduka, nini itamkinga? Karibu na kijiji cha baba yangu kulikuwa na trekta kubwa iliyoletwa bila plau. Tulipokuwa watoto tuliichezea mpaka ikaoza. Injini yake haikuwa imeharibika hata siku moja.

Tuko pamoja.