Wachongaji wa Changamwe: Kutoka Wamunyu hadi Port Reitz

Changamwe ni kitongoji cha Mombasa kilichoko bara, magharibi ya kisiwa, ng'ambo ya Makupa. Upande wake wa kusini unateremkia Port Reitz, hori pana linaloingia ndani kutoka Kilindini. Leo ni mahali pa makontena, malori, matangi ya mafuta na nyumba za wafanyakazi zilizobanana, lakini jina lake ni la zamani kuliko bandari yote ya kisasa. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio wanaounda Thelatha Taifa, mojawapo ya makundi mawili ya Waswahili wa Mombasa. Jina la Port Reitz lilikuja baadaye sana: Luteni J. J. Reitz alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa Mombasa mwaka 1824, akafa kwa homa mwaka huo huo katika safari ya kuelekea Pangani.

Kitongoji hiki kimeandikwa mara nyingi kwa habari za reli, gati na mafuta. Ipo historia yake nyingine isiyopewa nafasi ya kutosha, nayo haianzi baharini. Inaanza kwenye vilima vikavu vya Machakos.

Wakamba waliijua Mombasa kabla ya Mwingereza yeyote kujenga Ukambani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara yao ilishusha pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipata kwa wafanyabiashara hao njia ya kwenda bara. Alikuwa mgeni wa Kivoi, tajiri wa Kitui, na Desemba 1849 akauona Mlima Kenya kutoka huko. Kivoi aliuawa mwaka 1851 msafara wao ulipovamiwa karibu na mto Tana. Si biashara pekee iliyowaleta Wakamba pwani. Njaa pia ilihamisha jamaa nzima, wakalima na kuwinda nyuma ya Mombasa, katika maeneo ya Rabai na vilima vya Shimba. Kwa hiyo mtu wa Machakos aliyeshuka pwani katika karne ya 20 hakuwa anakanyaga nchi ngeni. Mara nyingi alikuta watu wa lugha yake wametangulia.

Machakos wenyewe, mji unaobeba jina la mzee Masaku, ulikuwa kituo kikuu cha njia hiyo ya bara. Kampuni ya Imperial British East Africa ilifungua kituo hapo mwaka 1889, na kuanzia 1892 John Ainsworth alikisimamia. Misafara ya Uganda ilipumzika na kununua chakula Machakos. Kisha reli ikaupita mji kando, ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao ya utawala yakahamia huko. Miaka hiyo hiyo Ukambani ulikuwa ndani ya njaa kuu inayokumbukwa kwa jina la Ngomanisye. Pembe za ndovu zilikuwa zimekwisha kuwa biashara ya wengine. Kilichobaki kwa kijana wa Machakos aliyetaka fedha ya kodi kilikuwa jembe, jeshi, au kibarua cha mjini.

Ufundi, hata hivyo, haukufa. Wakamba walikuwa wahunzi na wasanii wa nyaya: minyororo yao myembamba ilisifika mbali, na vigoda vyao vya miguu mitatu vilipambwa kwa nyaya za shaba zilizopigwa ndani ya mbao kwa michoro ya uangalifu mkubwa. Hawakuwa na desturi ya kuchonga sanamu za watu na wanyama kama Wamakonde. Desturi hiyo waliipata vitani.

Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia viliingia Afrika Mashariki, na Waingereza wakaandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu ili kubeba chakula na risasi za majeshi yaliyopigana na Wajerumani. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao waliuawa na maradhi na njaa. Mmoja wa waliorudi alikuwa Mutisya wa Munge, fundi kutoka Wamunyu, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui. Masimulizi ya familia na ya watafiti yanakubaliana juu ya kiini cha habari: akiwa Tanganyika aliona wachongaji wa sanamu wakifanya kazi, akajifunza kwa kutazama, na vita vilipokwisha akaanza kuchonga kwao. Wengine husema waalimu wake walikuwa Wazaramo wa karibu na Dar es Salaam, wengine husema Wamakonde. Mtaalamu wa uchumi Walter Elkan, aliyeichunguza biashara hii na kuandika juu yake mwaka 1958, alikuta tayari watu wa Wamunyu wakimtaja Mutisya kuwa chanzo chake.

Mwanzoni ujuzi ulikaa ndani ya nyumba moja, kisha ukaenea kwa jamaa na majirani. Wamunyu ina mvua za kubahatisha, na fedha inayopatikana kwa mti na tezo haingoji masika. Hiyo ndiyo sababu uchongaji ulishika mizizi huko kuliko katika sehemu zenye rutuba zaidi za wilaya. Dhiki ya miaka ya 1930 iliusukuma mbele. Serikali ilidai kwamba mifugo ilikuwa mingi mno kwa ardhi ya Machakos, ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kudai mifugo yao. Serikali ililegeza amri, lakini Muindi Mbingu akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Katika nchi ambamo ng'ombe alikuwa akiba ya mtu, fundisho lilieleweka: ni hekima kuwa na kazi ambayo hakuna bwana shauri anayeweza kuihesabu zizini.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta wanunuzi. Askari wa Kiingereza waliokaa Nairobi na Mombasa walitaka kitu cha kupeleka kwao, na vinyago vilitosha mfukoni. Wachuuzi wa Kikamba wakawafuata wateja popote walipokuwa, barabarani, kwenye vituo vya reli na milango ya hoteli, kisha wakavuka mipaka hadi Uganda, Tanganyika, Kongo na nchi za mbali zaidi. Baada ya vita watalii walichukua nafasi ya askari. Mafundi hawakuweza tena kungoja wanunuzi Wamunyu. Wakahamia walipo wateja, wengine Nairobi, kwenye mitaa ya Pumwani na Gikomba, wengine Mombasa.

Changamwe ilifaa kwa sababu zilizo wazi. Kisiwani viwanja vilikuwa ghali na vichache. Huku bara palikuwa na nafasi ya kurundika magogo na kupiga shoka mchana kutwa bila kumkera jirani. Reli na barabara ya Nairobi zilipita hapo hapo, kwa hiyo mbao na jamaa kutoka Ukambani vilishuka mlangoni. Uwanja wa ndege ulikuwa Port Reitz. Vibarua wengi wa bandari na reli waliishi upande huo, na kati yao walikuwamo Wakamba wa kumpokea mgeni na kumpa pa kulala. Mwaka 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi Changamwe, na mwaka huo huo, ambao ndio wa uhuru, wachongaji waliunda chama chao cha ushirika cha Akamba Handicraft.

Utaratibu wa ushirika huo unastahili kuelezwa, maana ndio uliowafanya waweze kudumu. Chama hakiajiri mafundi. Kila mwanachama ananunua mti wake, anachonga chini ya banda, na kazi iliyokamilika anaipeleka kwenye duka la maonyesho ikiwa na namba yake na bei. Ikiuzwa, chama kinabakiza sehemu yake na mchongaji anapata iliyosalia. Oda kubwa kutoka ng'ambo hugawanywa kwa wanachama. Fundi hutegemea mikono yake mwenyewe, lakini hasimami peke yake mbele ya mnunuzi mkubwa au dalali wa hoteli. Chama cha namna hiyo hiyo kiko Wamunyu, na watu hupita kati ya vyama hivyo viwili kama wanavyopita kati ya shamba na mji: msimu wa mvua wengine hurudi kulima, kisha hushuka tena pwani.

Ndani ya mabanda kazi hugawanyika. Gogo hukatwa kwa msumeno kwa urefu wa kinyago, kisha shoka na tezo hutoa umbo. Fundi hukaa chini, akaushika mti kwa nyayo zake na kuacha mikono yote miwili huru. Wengi hushikilia umbo moja kwa miaka mingi: huyu twiga, yule kifaru, mwingine vijiko vya kachumbari vyenye vichwa vya swala. Umahiri huo wa kurudia huleta kasi ya ajabu, na twiga hutoka sawa bila kipimo wala mchoro. Baada ya tezo huja patasi, kisu na tupa. Kusugua kwa msasa na kung'arisha mara nyingi ni kazi ya wanawake, nayo ndiyo inayochukua saa nyingi na kulipwa kidogo. Hili ni doa la kweli katika biashara hii, kwa kuwa kinyago kisichosuguliwa hakiuziki.

Wahakiki wa sanaa wameviita vinyago hivi bidhaa za uwanja wa ndege, visivyo na mizizi. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Vina mizizi katika upagazi wa vita, katika ukame wa Wamunyu na katika soko lililokuwapo, na kazi bora za Changamwe huonyesha jicho la mtu anayemjua mnyama anavyosimama na anavyogeuza shingo.

Gharama kubwa zaidi ilibebwa na msitu. Wachongaji walipenda mpingo, mweusi na mgumu, na muhugu, wenye rangi ya hudhurungi na harufu nzuri. Miti yote miwili hukua polepole. Mpingo ulipoadimika karibu, mzigo ulielekea kwenye muhugu, na msitu wa Arabuko-Sokoke, kaskazini ya Kilifi, ukapoteza miti yake mikubwa. Mafundi wengine walichukua mti mweupe wa kawaida na kuupaka rangi ya viatu ili ufanane na mpingo. Katika miaka ya 1990 makadirio yalitaja wachongaji wapatao 60,000 nchini Kenya, na miti zaidi ya 50,000 iliyokatwa kila mwaka kwa ajili yao.

Jibu lilipatikana uani. Mwarobaini, mti ulioletwa kutoka Bara Hindi, umejaa kwenye mashamba na nyua za pwani, hukua haraka, na uchungu wake huwafukuza wadudu. Watafiti wa mpango wa WWF, UNESCO na bustani ya Kew, wakishirikiana na wataalamu wa Kenya, waliwahimiza wachongaji kuugeukia pamoja na miti mingine ya kupandwa kama jakaranda. Mafundi walisita kwanza, kwa kuwa wanunuzi walizoea mti mweusi na mwarobaini usiokaushwa vizuri hupasuka. Walijifunza kuukausha polepole kivulini. Katika miaka ya 2000 mbao za mashamba ya pwani zilipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba mbao zimevunwa bila kuharibu misitu, na wakulima wa Kilifi na Kwale wakawa na mti wa kuuza ambao zamani walikuwa wakiukatia kuni.

Soko lenyewe halikutulia. Ghasia za Likoni za Agosti 1997, zilizowalenga watu wa bara, ziliwatisha watalii na ziliwagusa Wakamba wa Mombasa moja kwa moja. Shambulio la hoteli ya Kikambala mwaka 2002, fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 na kufungwa kwa anga mwaka 2020 kila moja liliacha mabanda yakiwa na rundo la kazi zisizonunuliwa. Kila mara wengi walirudi Machakos kungoja, na ardhi ya Wamunyu, kavu kama ilivyo, ikawalisha.

Changamwe nayo imebadilika pembeni yao. Kiwanda cha mafuta kiliacha kusafisha mwaka 2013. Reli mpya ya 2017 ilijenga kituo chake Miritini, na mwaka 2022 Makupa ikapata daraja. Kiwanda kilichoanza mwaka mmoja na ushirika wa wachongaji kimenyamaza, wakati kazi ya tezo ingali inaendelea Port Reitz. Lililokosekana ni kumbukumbu. Vinyago vya Changamwe viko katika nyumba za Ulaya, Marekani na Japani, na karibu vyote vilisafiri vikiwa na namba ya mwanachama bila jina lake. Daftari za ushirika wa Changamwe na ule wa Wamunyu ndizo zenye majina hayo, na zinastahili kuhifadhiwa kama nyaraka za historia ya Mombasa na Machakos kwa pamoja.