Ubahili wa Kadi ya Safu 80

Nikiitwa kuangalia mfumo unaojikokota, sianzi na seva. Naanza na safu za majedwali ya data: nani aliamua hii iwe maandishi na ile iwe namba? Ugomvi huo ni mkongwe kuliko kompyuta zenyewe.

Mwaka 1890 Marekani ilihesabu watu wake kwa kadi za matundu za Herman Hollerith. Mwaka 1928 IBM ikatoa kadi ya safu 80, na hapo ubahili ukawa ustadi. Herufi moja, safu moja. Jina likizidi nafasi, lilikatwa. Mwaka ulipewa tarakimu mbili tu, 47 badala ya 1947, na deni la akiba hiyo likaja kudaiwa 2000 ilipokaribia. COBOL, lugha ya programu ya 1959, ikaurithi utaratibu huo: 9 kwa tarakimu, X kwa chochote kile.

Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alitaka data ikae katika majedwali, mtumiaji asihangaike imehifadhiwa vipi ndani ya diski. Wazo zuri, ila diski yenyewe iliendelea kuhangaika. Miaka hiyohiyo Rudolf Bayer na Edward McCreight, wakiwa Boeing, walibuni B-tree, mti wa faharasa tunaoutumia hadi leo. Mti huo husomwa ukurasa kwa ukurasa. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, kwa kawaida hutumia kurasa za kilobaiti 16. INT, yaani namba kamili, hula baiti 4; UUID, kitambulisho cha kipekee, ikiandikwa kwa maandishi hula herufi 36. Piga hesabu zitaenea ngapi katika ukurasa mmoja.

Siku hizi diski ni rahisi, basi kila kitu kinaandikwa VARCHAR(255), yaani maandishi ya hadi herufi 255. Chukua namba ya mwanachama iliyowekwa hivyo, faharasa ikiwepo, kisha mtu aulize WHERE namba = 1042 bila alama za nukuu. MySQL haitatafuta kwa faharasa hiyo, maana '1042', '01042' na hata '1042a' vikigeuzwa namba vyote ni 1042. Italazimika kukagua mstari mmoja mmoja, jedwali zima. Nukuu mbili tu zingeiokoa!

Namba ya simu sawa, iwe maandishi: hakuna anayeijumlisha, na sifuri ya mbele ikipotea mteja hapatikani. Lakini tarehe iwe DATE. Ukiipanga kama maandishi, 02/01/2025 itatangulia 31/12/2024.

Wakubwa wa ofisi, kabla hamjaidhinisha fedha za seva mpya, mwambieni fundi wenu afungue jedwali kubwa kuliko yote awasomee aina za safu zake.