Mfupa wa Mtoto Haungoji

Msomaji kijana, mtoto akianguka akicheza mpira Kaloleni, mkono wake huvunjika sawasawa na wa mtoto wa Muthaiga. Tofauti huanza baada ya kuanguka.

Zamani za ukoloni, rangi ndiyo iliyochagua hospitali. Mwaka 1947 hospitali ya watoto, Gertrude's Garden, ilianzishwa Muthaiga, mtaa wa Wazungu matajiri. Waafrika walikuwa wametengewa mitaa ya mashariki, ng'ambo ya mji. Baada ya uhuru, fedha ilishika mahali pa rangi. Mwaka 1965 serikali ilifuta malipo ya wagonjwa wasiolazwa. Mwaka 1989 ikaanza kuwataka wachangie gharama. Mwaka 2013 zahanati na vituo vya afya vya serikali viliacha kutoza. Lakini mfupa uliovunjika huhitaji picha ya eksirei na plasta, navyo kwa kawaida hupatikana hospitalini, ambako hutakiwa malipo au bima.

Nao mfupa wa mtoto haungoji. Huungana upesi, hata ukiwa umepinda. Mzazi atafutapo fedha kwa majuma matatu, mkono umekwisha kupotoka. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Je, ni haki mkono unyoshwe kwa kadiri ya mfuko wa baba?