Wazee Waliotumika Vitani: Nani Awatunze?

Somo la leo ni la historia. Tutatazama jinsi watu waliotumika vitani walivyotunzwa uzeeni, au walivyosahauliwa. Tutaona pia kwamba nyumba ya kutunzia wazee haianzi kwa matofali. Kabla ya matofali huja orodha ya majina, na baada ya matofali huja hesabu ya chakula.

Tuanze hapa kwetu, Ifakara. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa katika nchi yetu toka mwaka 1914 hata 1918. Mahenge ilikuwa boma la Wajerumani, na bonde la Kilombero, lenye mpunga, liliwapa chakula. Mto haukuwa na daraja. Watu na mizigo walivuka kwa mitumbwi. Mwezi wa Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Mahenge.

Je, mizigo ya majeshi hayo yote ilichukuliwa na nani? Motokaa zilikuwa chache, na wanyama walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kwa hiyo magunia na masanduku ya risasi yalikwenda juu ya vichwa vya watu. Watu hao waliitwa wachukuzi. Wanahistoria wanakadiria kuwa wachukuzi wapatao 95,000 walikufa kwa upande wa Waingereza peke yake, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, limetokana na jeshi hilo la wachukuzi.

Vita vilipokwisha, mishahara ya wachukuzi wengi haikulipwa. Majina mengi hayakuandikwa vizuri, au hayakuandikwa kabisa. Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa Dar es Salaam. Wachukuzi wanatajwa katika maandishi yake, lakini anayeonekana pale juu ni askari na bunduki yake. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Sasa tutoke Kilombero twende Mwanza, tuone namna nyingine. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee waliopigana upande wa Wajerumani. Husimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walifika Mwanza kudai haki yao, lakini wachache tu walikuwa na vyeti. Basi mlipaji alimpa kila mzee ufagio uwe kama bunduki, akatoa amri kwa Kijerumani. Wazee wale wakafuata amri zote sawasawa, ingawa miaka hamsini ilikuwa imepita.

Habari hii inachekesha, lakini ifikirini vizuri. Askari aliyekosa cheti aliweza kuonyesha kwa mikono yake. Mchukuzi angeonyesha nini? Kila mkulima hujua kubeba gunia.

Katika Vita ya Pili, Watanganyika karibu 87,000 waliandikishwa. Wengine walifika Ethiopia, Madagaska na Burma. Ilipofika mwaka 2018, Serikali ya Uingereza ilitangaza msaada wa paundi milioni 12 hivi kwa wazee hao na wajane wao katika nchi za Jumuiya ya Madola, ili wapate milo miwili kwa siku. Msaada ni mwema. Lakini vita ilikwisha mwaka 1945, na wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Na sisi je? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kwamba jamaa ndio watunzaji wa kwanza, na makao ya wazee ni kwa wale wasio na mtu. Katika mkoa wetu wa Morogoro yako makao ya Fungafunga. Humo hawaulizwi kama walikuwa askari. Shida yao ndiyo inayotazamwa.

Basi, tuseme nyumba ya zamani imechakaa, na kijiji kinataka kujenga mpya ya wazee 40. Watu wengi huuliza bei ya mabati. Ulizeni pia bei ya wali. Mzee mmoja akila nusu kilo ya mchele kwa siku, wazee 40 watakula kilo 20. Kwa siku 365 ni kilo 7,300, yaani magunia 73 ya kilo mia mia. Hapo hatujataja mboga, dawa, kuni, wala mshahara wa mwangalizi. Mabati hununuliwa mara moja; mchele hununuliwa kila mwaka. Anayetoa fedha za kujenga bila fedha za kulisha amejenga ghala tupu.

Kwa hiyo, ninyi mnaojifunza kuandika, anzeni leo. Andikeni majina ya wazee wa mtaa wenu, kazi walizofanya, na nani anawapikia.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini wachukuzi wengi hawakulipwa?
2. Wazee 25 watakula kilo ngapi za mchele kwa mwaka?
3. Katika mtaa wako, ni mzee gani ambaye jina lake halijaandikwa popote?