Obokano na Santuri

Msomaji, je, umepata kuisikia obokano? Ni ala ya Wakisii yenye nyuzi nane: bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, na juu yake miti ya kufungia nyuzi. Mpigaji huketi, akaimba, na ala humwitikia kwa sauti nzito ivumayo kama nyuki mzingani.

Wajaluo, jirani za Wakisii, wana nyatiti, nayo ina nyuzi nane vile vile, ila ni ndogo na sauti yake si nzito hivyo. Basi mbona ng'ambo nyatiti ndiyo ijulikanayo zaidi? Kwa maoni yangu, sababu si utamu, bali ni santuri. Ayub Ogada alichukua nyatiti yake mpaka London, na mwaka 1993 kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa santuri yake, En Mana Kuoyo. Ni nyimbo za kijijini zilizopambwa kwa upole na ugeni fulani, hata asiyejua neno moja la Kijaluo hutulia akasikiliza. Wimbo wake Kothbiro ulitiwa katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Ogada alifariki mwaka 2019, na sauti yake ingaliko.

Lakini mzee wa Nyamira apigaye obokano bila kurekodiwa huzikwa na nyimbo zake. Mshairi Grandmaster Masese amekwisha kuipandisha obokano jukwaani, mbele ya vijana wa makamo yako.