Jinsi Ubongo Ulivyochunguzwa katika Milima ya Mahenge

Ubongo wa mwanadamu umefungiwa ndani ya fuvu, wala daktari hawezi kuutazama kwa macho yake kama atazamavyo kidonda cha mguu. Basi wataalamu wameujuaje? Wasomaji wa Ifakara hawana haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Msafiri akivuka mto Kilombero, akapita Lupiro na kupanda mlima, atafika Mahenge, nchi ya Wapogoro, ambako kazi hiyo imefanyika kwa muda mrefu.

Mwaka 1959 alifika Tanganyika daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Huko Mahenge aliwakuta wagonjwa wengi wa kifafa, na wengine wao walikuwa na makovu mabaya ya moto. Mtu akianguka motoni, watu waliogopa kumgusa, wakidhani mate yake huambukiza. Mwaka 1960 daktari huyo akaanzisha kliniki, akawapa wagonjwa dawa ya fenobabito. Chombo chake cha kuuchunguza ubongo kilikuwa nini? Kalamu na daftari tu. Aliwauliza wazazi ugonjwa ulianzaje, naye akaandika. Ndipo alipotambua kwamba watoto wengine huinamisha kichwa mara kwa mara kana kwamba wanasinzia, na baadaye huweza kupatwa na kifafa kamili. Kwa maoni yangu, hakuna mashine ambayo ingaliweza kugundua jambo hilo kabla ya mama wa mtoto.

Hata hivyo mashine zina kazi yake. Mwaka 1929 Mjerumani Hans Berger alitangaza kwamba umeme mdogo wa ubongo huweza kunaswa juu ya ngozi ya kichwa na kuchorwa katika karatasi. Baadaye kikaja chombo kipigacho picha kwa nguvu za sumaku, kisichompasua mtu wala kumtia maumivu.

Mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake walitoa habari za wagonjwa 62 wa Mahenge wenye kuinamisha kichwa. Baadhi walipimwa umeme wa ubongo, na 12 walipigwa picha za sumaku. Katika picha hizo zilionekana dalili za kuharibika katika sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu. Tena walioonekana na dalili hizo ndio hasa waliokutwa na vijidudu vya usubi katika ngozi. Usubi huletwa na nzi wadogo weusi wazaao katika mito iendayo kasi, ndiyo maana unasumbua zaidi milimani kuliko huku bondeni. Lakini maji ya uti wa mgongo yalipopimwa, vijidudu havikuonekana. Basi ugonjwa huufikiaje ubongo? Hapo wataalamu wangali wanabishana.

Dawa ya usubi ilianza kugawiwa Mahenge mwaka 1997. Miaka 20 baadaye watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika baadhi ya vijiji, wakiuliza na kuandika, wakakuta kifafa kingali kingi.