Wakili na Mwananchi: Historia ya Uwakili Tanzania Bara

Uwakili ulipoingia Tanganyika haukuletwa kwa ajili ya wengi. Chini ya utawala wa Wajerumani, Wazungu walikuwa na mahakama zao zenye majaji waliosomea sheria, na rufaa zao zilisikilizwa Dar es Salaam. Kesi za Waafrika ziliamuliwa na mkuu wa wilaya, au na maliwali, maakida na majumbe waliokuwa chini yake. Mara nyingi mtu yule yule ndiye aliyekamata, akasikiliza na kutoa hukumu, na adhabu ya viboko, hamsa ishirini, ilitekelezwa papo hapo. Katika shauri la namna hiyo wakili hakuwa na pa kusimama.

Waingereza walibadilisha majina ya vyombo, lakini mgawanyo ule waliuacha. Mwaka 1920 waliunda Mahakama Kuu na kuagiza kwamba misingi ya sheria za Uingereza, pamoja na sheria zake za jumla zilizokuwa zikitumika hadi tarehe 22 Julai 1920, itumike Tanganyika. Sheria kadhaa zililetwa kutoka India, zikiwemo za mikataba, ushahidi na makosa ya jinai. Hiyo ya mwisho ilidumu hadi 1930, ilipotungwa Kanuni ya Adhabu ambayo, baada ya marekebisho mengi, ingali inatumika. Kwa upande wa pili, Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 iliziondoa mahakama za machifu na maliwali chini ya Mahakama Kuu. Aliyeshindwa huko alikata rufaa kwa ofisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na hatimaye kwa Gavana. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo, na humo ndimo Waafrika wengi walimoshtakiana juu ya mashamba, mahari, ng'ombe na madeni.

Kwa sababu hiyo uwakili ulikua mijini, ukifuata fedha. Mawakili wengi walikuwa Waasia na Wazungu waliosomea London au Bombay, na kazi zao zilikuwa kuhamisha hati za viwanja, kuandika mikataba ya mkonge na kahawa, kudai madeni ya wafanyabiashara na kufungua kampuni. Mwafrika alikutana na wakili hasa aliposhtakiwa kwa kosa kubwa kama mauaji mbele ya Mahakama Kuu. Alisimama kizimbani akisikiliza Kiingereza asichokielewa, mkalimani akimpa kwa Kiswahili sehemu ya yaliyosemwa, naye jaji akiandika kila kitu kwa Kiingereza. Maisha yake yaliamuliwa kwa lugha ya watu wengine, na mara nyingi aliyemtetea alikuwa ameonana naye kwa muda mfupi tu.

Matukio mawili ya miaka ya 1950 yaliwaonyesha watu kwamba sheria inaweza pia kuwa silaha ya mnyonge. La kwanza ni la Wameru. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi, lakini madai yao yalijulikana duniani na yakaongeza hamasa ya siasa nchini. La pili ni la 1958, Julius Nyerere aliposhtakiwa kwa kashfa kutokana na makala katika Sauti ya TANU iliyowashutumu wakuu wa wilaya wawili. Alitetewa na D. N. Pritt kutoka Uingereza akishirikiana na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Alitiwa hatiani, akalipa faini ya shilingi 3,000, na TANU ikaendelea na safari yake.

Katika miaka hiyohiyo taaluma yenyewe iliwekewa utaratibu. Sheria ya Mawakili na sheria iliyounda Chama cha Wanasheria Tanganyika zote ni za 1954. Tangu hapo wakili ni mtu ambaye jina lake limo katika daftari la Mahakama Kuu na ambaye amelipia leseni yake ya mwaka. Waafrika katika daftari hilo walihesabika kwa vidole hadi uhuru ulipopatikana. Ndiyo maana chuo kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Kilipokea wanafunzi wa Kenya na Uganda pia, na wahitimu wa kwanza walitoka 1964.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliunganisha ile mifumo miwili iliyorithiwa. Mahakama za Mwanzo, za Wilaya na Mahakama Kuu zikawa ngazi za nyumba moja, na mkulima akaweza kukata rufaa hadi kwa jaji. Lakini katika Mahakama ya Mwanzo, inayopokea kesi nyingi kuliko nyingine yoyote, mawakili waliendelea kuzuiwa. Hoja ilikuwa kwamba pale pawe mahali pa watu wa kawaida, penye Kiswahili, wazee washauri na utaratibu usiotisha. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, ila ilimwacha asiyejua kusoma peke yake mbele ya mpinzani aliyesoma.

Azimio la Arusha la 1967 lilipunguza kazi za mawakili binafsi. Benki, viwanda na mashamba makubwa yalitaifishwa, na mwaka 1971 yakafuata majengo ya kupangisha. Shirika la Sheria Tanzania, lililoundwa 1970, likachukua kazi za mashirika ya umma. Wateja walipotoweka, mawakili wengi wa Kiasia walihama nchi, na vijana waliohitimu waliajiriwa serikalini. Taaluma ilipata uhai tena pale Hati ya Haki za Binadamu ilipoingizwa katika Katiba 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani 1988, na pale uchumi ulipofunguliwa. Mwaka 1990 huko Mwanza, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kanuni ya kimila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi ilipingana na Katiba. Shauri la shamba la Kihaya likawa somo la haki kwa nchi nzima.

Maeneo makuu ya uwakili wa leo yamejengwa juu ya historia hiyo. La kwanza ni ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zilianza kutumika Mei 2001. Migogoro hupelekwa katika mabaraza: ya kijiji na ya kata, ambako mawakili hawaingii, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako wanaruhusiwa. Wakati bora wa kumwona wakili ni kabla ya kulipa. Yeye hukagua daftari la Msajili wa Hati kuona kama kiwanja kina rehani au zuio, huhakikisha kuwa mwenzi wa muuzaji ameridhia nyumba ya familia kuuzwa, kisha huandika mkataba wa mauziano na kushuhudia saini kwa muhuri wake. Aliyenunua kwa karatasi ya mashahidi wa mtaani tu mara nyingi hulipia gharama kubwa zaidi baadaye.

La pili ni ndoa na mirathi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa wapitie kwanza baraza la usuluhishi, isipokuwa katika hali chache, ndipo maombi ya talaka yasikilizwe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na uamuzi huo umebadilisha mgawanyo wa mali katika nyumba nyingi. Katika mirathi, familia isiyogombana humaliza mambo yake bila wakili: kikao cha ukoo humteua msimamizi, muhtasari na cheti cha kifo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na mahakama humthibitisha. Wakili anahitajika pale wosia unapopingwa, mali inapokuwa na hati au hisa za kampuni, au msimamizi anapoanza kula mali ya yatima.

La tatu ni kazi. Kwa mujibu wa sheria za 2004, mfanyakazi aliyeachishwa isivyo halali hupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda wake ni siku 30 tu, na wengi huupoteza wakisubiri ahadi za mwajiri. La nne ni jinai. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa aliye chini ya ulinzi haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Haki hiyo ina thamani kubwa zaidi kituoni, kabla ya kuandikisha maelezo ya onyo, kwa kuwa maelezo hayo ndiyo yatakayosomwa mahakamani. La tano ni biashara na madai dhidi ya Serikali. Kwa haya ya mwisho, notisi ya siku 90 lazima itangulie, na kesi iliyofunguliwa bila notisi hutupwa hata kama dai ni la kweli.

Asiye na uwezo wa kulipa naye ana njia. Tangu 1969 mshtakiwa wa jinai asiye na fedha anaweza kupangiwa mtetezi kwa gharama za umma, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi vijijini. Shule ya Sheria, iliyoanza kupokea wanafunzi 2008, imeongeza sana idadi ya mawakili. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mwaka huohuo mawakili wakaruhusiwa kuingia Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Anayetafuta wakili leo anapaswa kwanza kuhakikisha kwamba jina lake limo katika daftari na kwamba leseni yake ya mwaka ni hai, kwa sababu vishoka bado wanakaa nje ya milango ya mahakama wakiandika hati zitakazokataliwa ndani.